Baba Anauliza Nyama Iko Wapi

Kijana aliyeacha nyama akienda likizo kwa wazazi huwa amejiandaa kuulizwa kwa nini ameiacha. Amebeba hoja za afya, za mazingira, za kuwahurumia wanyama. Mezani anakutana na swali jingine. Baba anafunua bakuli, anachungulia, anauliza nyama iko wapi. Swali hilo halijibiwi kwa hotuba.

Wengi ninaokutana nao katika kazi ya lishe hujibu kwa kupunguza tu. Ugali uleule, mchicha uleule, nyama imetolewa na hakuna kilichoingia mahali pake. Mzazi akinung'unika, anaambiwa ni mbishi. Mimi huwa upande wa mzazi. Nyama ilikuwa na kazi tatu kwenye sahani yake: ilijenga mwili, ilileta ladha, na ilimheshimu. Kila kazi inataka mrithi wake.

Nianze na mwili, maana hapa ndipo watoto wenye nia njema huwaumiza wazazi bila kujua. Umri ukisogea misuli hupungua, na mwili wa mzee hautumii protini kwa wepesi wa ujanani. Ndiyo maana wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wakati kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. Mama wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi, konzi ya karanga kama gramu 7, na mchicha, pamoja na sifa zake zote, una kidogo mno. Hesabu haitimii ikiwa kunde ni kijiko kimoja pembeni ya mlima wa wali. Choroko, dengu, mbaazi au maharage yawe ndiyo chakula, ugali uje kusindikiza. Nyama ya soya, vile vipande vikavu vya kwenye pakiti, nusu ya uzito wake hivi ni protini kabla ya kulowekwa. Kwa mzee anayekula kidogo hiyo ni akiba nzuri. Na kama mama hana tatizo na mayai au maziwa, usimnyime kwa sababu wewe umeyaacha.

Halafu kuna vitamini B12, ambayo mimea haina. Mzee asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwa kidonge au kwa chakula kilichoongezwa virutubishi. Lakini hata mla nyama hodari anaweza kuikosa. B12 iliyomo kwenye chakula huwa imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo husaidia kuitenganisha. Wazee wengi asidi hiyo imepungua. Dawa ya kisukari iitwayo metformin na dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazole nazo hupunguza ufyonzwaji wake. Dalili ni ganzi miguuni, kusahau, kuishiwa damu, na nyumbani zote hupewa jina moja: uzee. Kwa mwenye kisukari, ganzi husingiziwa sukari peke yake. Kabla ya kubadili chungu cha wazazi, ombeni daktari apime B12. Mzazi mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asibadilishiwe mlo ghafla bila daktari kujua.

Madini ya chuma ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida zaidi kuliko ya nyama. Dawa yake ni rahisi: ndimu ikamuliwe juu ya kunde, au chungwa liliwe na chakula, na chai isubiri saa moja hivi. (Hili la chai ndilo litakalozua ugomvi, si nyama.)

Kwa baba mwenye ugonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti, nina habari njema. Mara nyingi anaambiwa aache nyama pamoja na maharage. Nyama, maini na bia kweli huchochea maumivu hayo, lakini utafiti mkubwa uliofuatilia wanaume wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 haukuona kwamba kunde huongeza hatari. Supu ya asubuhi na bia ya jioni ndizo za kutazamwa kwanza.

Sasa ladha. Mpishi asiyekula nyama mara nyingi hutegemea chumvi na pilipili, kisha hushangaa baba akisema chakula hakina mwili. Anachokitafuta baba ni ule utamu mzito wa mchuzi unaotokana na glutamati, ambayo mwanasayansi wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye mwani. Nyanya zilizoiva sana zinayo. Uyoga unayo, na ukikaushwa huzidi kukolea.

Kaanga vitunguu polepole mpaka viwe vya kahawia, si mpaka vilainike tu; kule kubadilika rangi ndiko huleta harufu ya kikaango inayofanana na ya nyama. Uyoga ukaangwe peke yake kwenye sufuria kavu hadi maji yake yakauke na kingo zishike. Nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge. Ndipo maharage yaingie, yachemke kwa tui jepesi, na tui zito liwe la mwisho, huku unakoroga bila kufunika ili lisikatike. Maharage hayo yawe yamelowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yamemwagwa, kwa sababu ndani yake mna sukari ambazo utumbo hauwezi kuzisaga na ndizo zinazojaza gesi. Mzee asiyezoea aanze na choroko.

Kazi ya tatu, heshima, haipo jikoni. Kizazi cha wazazi wengi kilikula maharage kwenye shule za bweni hadi kikayachoka, na nyama ilikuwa ya Krismasi, Idi au mgeni mkubwa. Walihangaika ili watoto wale nyama hata Jumanne. Sasa mtoto aliyesomeshwa anarudi kutoka mjini na kumwekea baba maharage. Katika nyumba nyingi firigisi bado ni ya baba, na haigawiwi. Usije na soya ukadai ni mishkaki. Akigundua, hataamini sufuria yako tena. Acha bakuli la nyama liwepo mezani, dogo, na chakula chako kiwe kingi na kipakuliwe kwanza. Mwombe mama apike kisamvu cha karanga au kande kwa namna ya kwao, nawe uwe msaidizi wa kutwanga.

Na usianzie mchana wa Jumapili, mlo ambao nyama ina kiti chake. Anza asubuhi. Mbaazi za nazi na mahamri zimeliwa pwani miaka mingi na mimi sijasikia mtu akiulizia nyama pale, na kikombe cha mbaazi asubuhi kimeshampunguzia mama moja ya sita hivi ya protini anayodaiwa siku hiyo.