Jumba la Udugu Lenye Kuba la Andalusi

Apitaye katika barabara ya 55 Magharibi, jijini New York, macho yake yakiwa yamekwisha kuzoea maghorofa ya chuma na kioo, hukabiliwa ghafula na ukuta wa mawe ya mchanga wenye matao na vigae vya rangi, na juu yake kuba ambalo upana wake hupata futi 100 na ushei. Na mgeni atokaye katika nchi za Waislamu hudhani kwamba amefika msikitini. Lakini jumba hilo, ambalo jina lake la asili ni Mecca Temple, lilijengwa na Shriners, chama cha udugu kilichozaliwa miongoni mwa Wafrimasoni wa mji huohuo mwaka 1872, wala si cha dini ya Kiislamu.

Waasisi wake walikuwa tabibu Walter Fleming na mwigizaji William Florence, ambaye husimuliwa kwamba, alipokuwa Marseille, alialikwa katika karamu ya balozi wa Kiarabu, akashangazwa na fahari aliyoiona. Hapo ndipo, yasemekana, chama kilipopata tarbushi nyekundu, majina ya Kiarabu, na mapenzi ya nakshi za Alhambra, kasri ya masultani wa Granada. Zama hizo wasanifu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifufua mitindo ya kale, ya Wayunani, ya Misri na ya Andalusi, wakiivika majengo mapya ambayo ndani yake yalishikiliwa na viunzi vya chuma.

Msanifu Harry Knowles, aliyechora ramani ya Mecca Temple, alifariki mwaka 1923 kabla ya kazi kutimia. Wasanifu wa kampuni ya Clinton na Russell wakaimaliza, na mwaka 1924 jumba likazinduliwa. Haukupita muda mrefu dhiki ya uchumi ikawaelemea Shriners wenyewe, kodi ikawashinda, na jumba likaangukia mikononi mwa serikali ya jiji. Meya Fiorello La Guardia akaona heri liwe ukumbi wa watu wote, wapate muziki na tamthilia kwa bei nafuu. Likafunguliwa tarehe 11 Desemba 1943 kwa jina la City Center, na humo, mwaka 1948, kikaanza kikundi mashuhuri cha New York City Ballet. Tangu miaka ya 1980 linalindwa na sheria.

Kwetu Koni na Likasi, nchini Kongo, ambako majengo ya zama za ukoloni, Likasi ilipoitwa Jadotville, yangali yamesimama, na mengine yakizidi kuchakaa, hadithi hii ina faida kubwa: kilichoiokoa nakshi ile ni kupewa kazi mpya yenye manufaa kwa umma. Basi, enyi wenye mamlaka na wenye nyumba, kabla ya kubomoa jengo la kale, liulizieni kwanza kazi.