Lupasi na majibu mazuri ya eko

Wagonjwa wengi wa lupasi hushusha pumzi wakisoma kwenye majibu ya eko, yaani altrasaundi ya moyo, kwamba moyo wao unasukuma damu kwa asilimia 60. Ni habari njema. Lakini namba hiyo ni ya mwisho kushuka, na kwa mtu mwenye lupasi mimi siishii hapo.

Katika lupasi, kinga ya mwili humshambulia mwenye mwili. Utando wa moyo ukivimba, kifua huuma, hasa mtu akilala chali. Vali zikiota vivimbe, kama Libman na Sacks walivyoeleza huko New York mwaka 1924, eko ya kawaida yaweza kuvionyesha. Misuli ndiyo yenye siri. Nyuzi zake za ndani zimelala kwa urefu, na ndizo huumia kwanza damu inapopungua katika vimishipa vidogo. Zikichoka, nyuzi za katikati zinazouzunguka moyo huongeza bidii, zikiukamua kama nguo iliyofuliwa. Damu inatoka vilevile, asilimia inabaki 60, na mgonjwa hana dalili yoyote.

Hapo ndipo streini, yaani kipimo cha kufupika kwa msuli, inapohitajika. Picha ya eko imejaa chembe za mwanga ndani ya msuli. Programu huzifuata tangu moyo unapoanza kujikunja hadi unapomaliza, ikapima msuli umefupika kiasi gani. Moyo wenye afya hufupika kwa takribani asilimia 20. Ikishuka chini ya 16, hata kama usukumaji ni mzuri, tunaanza kuuliza maswali. (Namba hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa kwa sababu msuli unafupika, usishtuke.) Hakuna sindano wala mionzi. Presha ikiwa juu namba hushuka, kwa hiyo ipimwe siku hiyohiyo.

Mishipa nayo isisahauliwe. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, ulikuta wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 wakipata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wa rika hilo. Altrasaundi ya shingo huonyesha mafuta yaliyoganda mishipani kabla hayajaziba.

Mashine za kampuni tofauti hazitoi namba sawa za streini. Ukirudia kipimo, omba mashine ileile, na uende na majibu ya zamani.