Mafuta Yaliyokwisha Kukaangia kama Nishati ya Injini za Dizeli: Mazingira ya Tunduma

Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, huwapa riziki wakaanga chipsi, samaki na maandazi wa Tunduma. Swali la makala hii ni iwapo mafuta yanayobaki katika makarai yao yanaweza kuendesha injini za dizeli.

Wazo lenyewe si geni: katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kikwazo ni mnato. Katika nyuzijoto 40 za Selisiasi, mafuta ya mimea huwa mazito takribani mara kumi kuliko dizeli. Nozeli hushindwa kuyapuliza kama ukungu, hayaungui yote, na masizi hujijenga kwenye pistoni. Kuyachuja kwa kitambaa na kuyamimina kwenye tangi, hata injini ikikubali kuwaka, ni kuiua polepole.

Njia iliyo bora ni kuyageuza kuwa biodizeli. Mafuta huondolewa maji, kisha huchanganywa na methanoli, takribani lita 20 kwa lita 100 za mafuta, pamoja na soda kali kama kichocheo. Gliserini hutuama chini na kutolewa. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo ikikutana na soda huzaa sabuni badala ya nishati. Methanoli nayo ni sumu inayopofusha na hushika moto upesi. Si kazi ya jikoni.

Baridi ya Songwe ndiyo inayoamua mengi. Biodizeli ya mawese huanza kuganda karibu na nyuzijoto 15, na usiku wa Juni na Julai katika nyanda hizi hushuka chini ya hapo. Ya alizeti hustahimili zaidi. Mkusanyaji asiyetenganisha madumu atakuta filta zimeziba alfajiri.

Kiasi nacho ni kidogo. Lori lililosheheni hutumia zaidi ya lita 300 kufika Dar es Salaam, ilhali mkaangaji huongeza mafuta mapya juu ya yale ya jana (jambo baya kwa afya ya mlaji, lakini ndiyo hali). Kwa maoni yangu, wa kufikiriwa kwanza si wenye malori, bali wenye mashine za kusaga na jenereta. Hizo zianze na sehemu 20 za biodizeli kwa 80 za dizeli, na mipira ya zamani ya mafuta ibadilishwe kabla, kwa kuwa biodizeli huilainisha hadi ikavuja.