Bao likivurugika, mwenye kete nyingi naye hufungwa

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MCHEZAJI wa bao anaweza kuwa na kete 40 kati ya 64 zilizopo, na bado akanyanyuka akiwa amefungwa. Mtazamaji mgeni huona hiyo ni dhuluma. Wazoefu wanajua ni sheria ya kawaida: ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama mashimo yake ya nyuma yamefurika.

Mkoani Simiyu, Wasukuma wana bao lao liitwalo isolo, lenye taratibu zake. Maelezo haya yanahusu bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 katika safu nne, mbili kwa kila mchezaji.

Ugumu wake unatokana na mwendo wa kete. Zinazoliwa ni za safu ya mbele ya mpinzani pekee, nazo husambazwa upande wa mlaji. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, mlaji anakula tena. Likiwa tupu, anazoa zake na kuendelea. Kwa hiyo zamu moja inaweza kubadili ubao mzima kabla mpinzani hajanyoosha mkono.

Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha kazi yake mwaka 1995, alishughulikia swali hilohilo: akili ya bingwa inaweza kufuatilia umbali gani?

Kosa la wengi ni kuhesabu jumla ya kete. Hesabu inayofaa kwanza ni ya safu ya mbele: mashimo yangu mangapi yanakabiliana na yenye kete, na mpinzani akila hili, mkono wake utaishia wapi? Kete za nyuma haziliwi, lakini pia hazimlindi mtu ambaye mbele kumekauka.

Jambo la pili ni kwamba kula ni lazima. Aliyezidiwa anaweza kuitumia sheria hiyo kwa kuacha chambo ambacho mwenzake, akikosa chaguo jingine, atalazimika kukila na kuvuruga mpangilio wake mzuri. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo silaha inayosahaulika kuliko zote.

Tatu ni nyumba, shimo linaloanza na kete sita. Katika hatua ya namua, mlaji ambaye kete yake ya mwisho imeingia nyumbani, na hana cha kula mbele yake, anaruhusiwa kulala au kwenda safari. Aliyetangulia ana kila sababu ya kulala. Aliyezidiwa ndiye wa kusafiri, maana ubao ukitulia atamalizwa polepole.

Sataranji ina mfano wake. Mwaka 1960 mjini Moscow, Mikhail Tal, akiwania ubingwa wa dunia dhidi ya Mikhail Botvinnik, alitoa farasi wake bure katika mchezo wa sita. Ukumbi ulilipuka kwa kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. (Kijiweni hakuna chumba cha nyuma, kelele za watazamaji ni sehemu ya mtihani.) Wachambuzi walionyesha baadaye kuwa Botvinnik alikuwa na njia ya kujiokoa, lakini hakuiona akiwa mezani na saa inakimbia. Tal alitwaa taji. Mwaka 1961 Botvinnik alilirudisha kwa pointi 13 dhidi ya 8, safari hii akiuvuta mchezo kwenye utulivu.

Mcheza bao aliyezidiwa hana muda mrefu wa kuanzisha vurugu. Kila mchezaji huanza na kete 22 za akiba mkononi, na zikiisha hatua ya mtaji huanza. Hapo shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mkono, na aliyefika huko akiwa na kete moja moja hana tena cha kuvuruga.