Siti ya Dirishani

Ukipanda basi la mwendokasi Kimara alfajiri ya mwezi wa Juni kwenda Kivukoni, na unataka kupiga picha nyuso za abiria, kaa kushoto. Jua la kipupwe huchomoza kaskazini-mashariki, na Morogoro Road inaingia mjini kwa kuelekea mashariki na kusini kidogo, kwa hiyo mwanga unapenya madirisha ya kushoto, unakupita begani na kuwaangukia waliokaa ng'ambo. Ukitaka barabara yenyewe, na wachuuzi wa Manzese wakipanga viatu vya mitumba, kaa kulia. Desemba jua limehamia kusini, pande zinabadilishana. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la saa sita na ushei linapita utosini kabisa, kivuli cha mtu kinajikunja chini ya nyayo zake, na kamera inakaa begini mpaka alasiri.

Mambo haya nimeyajua kwa kulipa nauli. Naizunguka Dar es Salaam na kamera kwa daladala, mwendokasi, treni na pantoni, na nafanya hivyo kwa kuchagua. Mwenye gari lake huona taa za breki za gari la mbele. Abiria wa daladala amekaa juu kidogo ya vichwa vya waenda kwa miguu, mikono yake haijashika usukani, na gari linasimama kila baada ya mita mia kadhaa mbele ya watu wanaosubiri. Foleni ya Buguruni inayomkera kila mtu humweka mpiga picha mbele ya genge moja kwa muda wa kutosha kumwona muuzaji akipanga nyanya mafungu, akimwagia mchicha maji, akimfukuza mbuzi na kumkopesha jirani. Hakuna studio inayoweza kukupa nafasi ya namna hiyo.

Kila gari lina siti zake. Ya mbele, pembeni mwa dereva, ina kioo kipana na inaona barabara yote, lakini ukikaa pale unawapa kisogo watu wote uliosafiri nao. Ya nyuma kabisa inaona visogo tu. Mimi hutafuta ya dirishani iliyo karibu na mlango, anaposimama konda. Konda ndiye gari. Anaita njia kwa sauti iliyokauka tangu asubuhi, noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani ili ujue ni zamu yako kulipa, anagonga bodi na dereva anaelewa. Nimempiga picha konda akining'inia mlangoni, akilala kwenye ngazi mchana gari likiwa tupu, akimshika mkono bibi asiyeona vizuri hadi ng'ambo ya barabara huku gari zima likimsubiri na mtu mmoja akilalamika kwamba anachelewa kazini. Hiyo ya mwisho ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga mjini humu.

Jioni, Kariakoo na Mnazi Mmoja, siti hiyo haipatikani kwa kusubiri. Wenyeji hugeuza: wanalidaka gari vituo viwili vitatu kabla ya mwisho, wanaingia nalo linapokwenda kushusha, wanalipia safari ya ziada na kuondoka nalo wakiwa wameshakaa. Nami hugeuza. Dakika zile gari likiwa limeegeshwa ndizo zenye neema kubwa. Wapigadebe wanapaza sauti, watu wanabanana mlangoni, begi linarushwa kupitia dirishani kuwahi siti, mama mmoja anamwinua mtoto na kumpitisha kwa mtu asiyemfahamu. Jua la saa kumi na mbili kasoro linaingia likiwa limelala, na vumbi la kituo linaonekana hewani. Kwa robo saa hivi, kila uso ndani ya gari una mwanga wake.

Humo ndani sifichi kamera. Mmarekani Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York akiwa ameficha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo. Kitabu cha picha hizo kilitoka 1966. Ni kazi kubwa, na nyuso zile zilizojisahau zinamgusa yeyote anayezitazama. Hata hivyo, njia yake siwezi kuifuata kwenye gari la Mbagala. Kwenye daladala aliyekaa humpakata mtoto wa aliyesimama, mizigo huwekwa mapajani mwa watu wasiojuana, nauli ya wa nyuma hupita mikononi mwa watu watano hadi kwa konda na chenji ikarudi kwa njia hiyohiyo bila kupungua. Mtu aliyeniamini kiasi hicho hapigwi picha kwa siri.

Basi huomba. "Shikamoo mama. Naomba nikupige picha hapohapo ulipokaa, mwanga umekutulia." "Marahaba mwanangu. Ya nini?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili: mimi ni nani, picha inakwenda wapi, nani ataiona. Wengine wanakubali na kujiweka sawa, na hapo hunilazimu kusubiri vituo viwili mpaka wasahau kuwa kamera ipo. Wengine wanavuta mtandio, na jibu nimelipata. Tangu 1 Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu ni taarifa yake kama ilivyo namba yake ya simu. Wapiga picha wenzangu wanaolalamikia sheria hii ningependa wafikirie dada aliyelala mdomo wazi baada ya zamu ya usiku, halafu akajikuta kwenye simu za mji mzima.

Wanafunzi nawapiga kwa nyuma. Kila anayesafiri asubuhi Dar es Salaam amewaona: mashati meupe, mabegi makubwa kuliko migongo, wamejipanga kituoni huku konda ameziba mlango kwa mkono akitafuta kwanza watu wazima wenye nauli kamili. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na mtoto analipa tofauti hiyo kwa kusimama juani na kuchelewa kipindi cha kwanza. Picha za migongo ile ninazo nyingi kuliko ningependa, na nitaendelea kuzipiga na kuzipeleka kwa wahariri mpaka wachoke nazo. Jambo linalotokea kila siku mbele ya macho ya wote huacha kuonekana. Kazi ya picha hapo ni kulirudisha mbele ya macho.

Yapo maeneo ambayo kamera inashuka yenyewe. Gari la Mwenge kwenda Tegeta linapita kando ya kambi ya jeshi ya Lugalo, na kivuko cha Magogoni kiko jirani na Ikulu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyolindwa. Ninayoyasema hapa yanahusu barabara za watu.

Barabara ya watu iliyobeba mambo mengi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kipande kifupi cha Jangwani, kati ya Magomeni Mapipa na Fire. Pale Morogoro Road inashuka kuvuka Mto Msimbazi. Kiangazi ni bonde la majani, vijana wakicheza mpira na moshi mwembamba ukipanda kwa mbali, magorofa ya Kariakoo yakiwa yamejipanga nyuma. Masika, mto unapanda barabarani. Mwendokasi ulioanza kazi Mei 2016, ukiwa na kilometa 20.9 za njia yake peke yake, husimama hapo kama gari jingine lolote, na karakana ya mabasi iliyojengwa bondeni imewahi kuingiliwa na maji. Abiria wanashuka, wanavua viatu, wanabebana. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande, kaskazini mwa jiji, nao waliobaki wameendelea kuhesabu misimu. Sasa upo mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na ndani yake daraja jipya lililo refu na la juu zaidi. Ndiyo maana napita Jangwani kila ninapopata nafasi, mvua na jua, na kupiga picha kutoka dirisha lilelile la upande wa juu wa mto. Daraja likikamilika, mabasi yatapita juu na hakuna atakayevua viatu. Nitafurahi sana siku hiyo. Lakini watu waliovuka kwa miguu miaka yote hii wanastahili kuwa na ushahidi.

Treni ya mjini nitaitaja kwa ufupi. Ilianza Oktoba 2012 kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwa reli ya kati na kutoka Tazara hadi Mwakanga kwa reli ya Tazara, na watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Ukiwa dirishani unaona nyuma za nyumba: kamba za nguo, majiko, watoto wakipunga mikono. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haina foleni. Kwa mpiga picha, huo pia ndio upungufu wake.

Pantoni ni jambo jingine. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, mwenye gari anaweza kwenda Kigamboni bila kugusa chombo, lakini maelfu ya waenda kwa miguu na wenye baiskeli bado wanavuka Magogoni kwa shilingi 200. Safari ni ya dakika chache, na ndani yake jiji zima limesimama bega kwa bega: karani mwenye viatu vilivyong'arishwa, mchuuzi na ndoo ya dagaa iliyojazwa kutoka soko la samaki la Feri, mafundi ujenzi, mwalimu anayesahihisha madaftari juu ya bonet ya gari la mtu. Asubuhi jua linachomoza upande wa Kigamboni, kwa hiyo wanaokuja mjini wanalipa kisogo na kuonekana kama vivuli vyenye ukingo wa dhahabu. Ninaposimama ni ghorofa ya juu, karibu na ngazi. Geti linaposhuka, umati wote unatoka kwa pamoja, na kwa sekunde chache hakuna anayeangalia kamera kwa sababu kila mtu anaangalia gari la kupanda.

Vifaa ni vichache. Lenzi moja fupi, maana ndani ya daladala hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Shati jeusi, kwa sababu jeupe hujirudisha kwenye kioo na kuharibu picha ya nje, na mdomo wa lenzi uguse kioo kabisa. Gari likienda, kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Kamera isilale kwenye chumba chenye kiyoyozi: ikitoka nje asubuhi lenzi inafunga ukungu, na ukungu ukiondoka mwanga mzuri umeshaondoka nao. Chumvi ya bahari ifutwe siku hiyohiyo. Begi livaliwe kifuani, kwa sababu zinazojulikana kwa yeyote aliyewahi kushuka Kariakoo.

Najua kwa nini naharakisha. Mwaka 1974 Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa kuwasafirisha watu wa mji huu, na wazee wanakumbuka Ikarus kumbakumba zilizojipinda katikati. Wanakumbuka pia chai maharage, magari ambayo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Jaribu kutafuta picha ya ndani ya chai maharage: nani alikaa, alivaa nini, alipakata nini. Utachoka. Haikuwa kwamba mji haukuwa na wapiga picha. Mohamed Amin, aliyekuja kujulikana dunia nzima, alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963. Kamera zilikuwepo, ila zilifuata mapinduzi, mikutano na utepe unaokatwa, na safari ya kazini ilionekana ni jambo ambalo litakuwepo kesho. Halikuwepo. Na leo, kila awamu mpya ya mwendokasi inapoingia barabarani, njia za daladala zilizokuwa hapo zinahamishwa, na pamoja nazo wanahama wapigadebe, mama ntilie wa kituoni na muuza karanga wa dirishani.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani nayo ina uzito kama ile ya barabarani. Usiku kila picha hupewa jina: tarehe, saa, njia ya gari, upande niliokaa, kituo, nauli iliyotozwa siku hiyo, na jina la aliyepigwa endapo amekubali liandikwe. Kuna siku maandishi huchukua muda mrefu kuliko safari. Za makonda nazichapisha Kariakoo na kuwapelekea kwenye njia zao, kwa kuwa wengi wao hawana picha yoyote wakiwa kazini. Nakala za pili nazihifadhi mahali pawili tofauti, na natamani Makumbusho ya Taifa au Idara ya Nyaraka ingekuwa na meza ya kupokea mikusanyo ya namna hii kutoka kwa watu wa kawaida, yenye mtu wa kuuliza maswali yanayotakiwa: gari gani, njia ipi, mwaka upi, na huyu aliyempakata mtoto wa mwenzake alikuwa anakwenda wapi.