Nyumba Moja, Kazi Moja: Maneno Juu ya Ndoa, Useja na Kumtumaini Mungu Wakati wa Shida

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo watu hulisema sana nyumbani, lakini hulisema kidogo mbele ya watu. Jambo lenyewe ni hili: aliye na mwenzi na asiye na mwenzi, kila mmoja wao amtumainije Mungu wakati mkono wake ni mtupu?

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho yake, na aende Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi. Katika Mtaa wa Kongo ataona vitambaa vya harusi vimetundikwa milangoni, na akina mama wakishindania bei ya sare. Ataona kijana ameshika pete, ameuliza bei, kisha anairudisha polepole mahali pake. Hatua chache kutoka hapo ataona mjane ametandika nyanya na vitunguu juu ya gunia. Ataona pia binti aliyepita miaka thelathini akipima kitambaa dukani, ambaye kila jamaa akimkuta humwuliza swali lile lile: “Utaolewa lini?”

Sisi walimu tunalisikia jambo hili hata chuoni. Mwanafunzi mmoja wa ualimu alitujia akasema, “Mwalimu, namwomba Mungu anipe fedha za harusi, maana bila hizo siwezi kuoa, na miaka inakwenda.” Tukamwuliza, “Umemwomba Mungu mke, au umemwomba karamu?” Alicheka, lakini hakujibu. Nasi tulipobaki peke yetu tulilifikiri swali lile, tukaona ya kuwa latuhusu wengi.

Na tuanze na jina la soko lenyewe. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi yalipigana katika nchi yetu. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, waliwaweka wapagazi wao mahali pale. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukakifanya Kariakoo, na jina likabaki. Nairobi nako pana Kariokor, nalo ni jina la asili ile ile. Wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa, njaa na uchovu.

Basi tufikiri kidogo. Jina tunalolitaja kila siku tununuapo vitunguu ni jina la waume walioondoka, na la wake waliobaki wakitazama njia. Wako waliokuwa wajane bila kuijua siku waliyofiwa.

Miongoni mwa waliotembea na wapagazi alikuwako Askofu Frank Weston wa Unguja, wa Misheni ya UMCA. Mwaka 1916 aliunda kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, akaenda nao bara yeye mwenyewe. Alikuwa mseja, kama ilivyokuwa desturi ya wamisionari wa misheni ile. Hakuwa na mke wa kumngoja wala mtoto wa kumpokea. Lakini ni nani awezaye kusema ya kwamba hakuwa na jamaa? Jamaa zake walikuwa wale aliotembea nao.

Sasa tutoke Kariakoo twende mji wa Korintho wa zamani, ambao nao ulikuwa mji wa soko na wa wageni. Habari yake imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18. Walikuwako huko mume na mke, Akila na Prisila. Hawakwenda Korintho kwa kupenda. Kaisari Klaudio alikuwa amewaamuru Wayahudi watoke Rumi, nao wakahama na kuanza maisha upya. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Akafika Paulo kutoka Athene, mgeni asiye na mke, na kazi yake ilikuwa ile ile. Wakamkaribisha, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja.

Twapenda kuitazama nyumba ile, kwa kuwa yafanana sana na nyumba za mafundi wa Kariakoo. Ndani yake mna ndoa, mna useja, na mna shida, vyote chini ya dari moja. Prisila na Akila hawakumwambia Paulo, “Tafuta mke kwanza, ndipo uwe mtu kamili.” Wala Paulo hakuwaambia wao kwamba ndoa yao yawazuia kumtumikia Mungu. Na hakuna aliyesema, “Tungoje mpaka turudi Rumi, ndipo tuanze kuishi.” Walishona mahema. Hapo ndipo penye fundisho letu la leo: kumtumaini Mungu si kukaa tukingoja hali yetu ibadilike, bali ni kuwa waaminifu katika hali tuliyo nayo, na kumfungulia mlango mwenye hali nyingine.

Na tuseme kwanza juu ya ndoa. Watu wengi huchanganya ndoa na harusi. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 1971, yasema ya kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wa kudumu maisha yao yote. Yataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na yataka mashahidi wasiopungua wawili. Tena yasema ya kuwa kutotimizwa kwa desturi ya mahari hakuibatilishi ndoa. Kanisa nalo lataka matangazo, mafundisho, na ahadi mbele ya Mungu. Tafuteni katika hayo yote, hamtaona mahali palipoandikwa ukumbi, wala sare, wala keki, wala magari yanayofuatana.

Hatusemi kwamba furaha ni dhambi. Bwana Yesu alikwenda arusini Kana ya Galilaya, na hata huko divai iliwaishia. Kilichopungua kilikuwa karamu, ndoa haikupungua. Lakini tunaona siku hizi kamati za harusi zinakaa miezi mingi, kadi za mchango zinapelekwa hata kwa wasio na kitu, na karamu ya kumuaga binti, ambayo watu huiita sendofu, inataka gharama yake mbali. Wengine hukopa. Kisha maarusi hurudi katika chumba cha kupanga, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Fedha zimekwisha ukumbini. Hapo ugomvi huanza, nao hauanzi kwa sababu hawapendani, bali kwa sababu waliogopa kuambiana ukweli.

Wengine, wakiona gharama ile, hukata tamaa na kuishi pamoja pasipo ahadi, wakisema, “Tutafunga ndoa tukipata.” Miaka hupita, watoto huzaliwa, na mwanamke hukaa hajui yeye ni nani katika nyumba ile. Wazazi, tujiulize: ni nani aliyemweka pale? Je, si sisi tuliokataa harusi ndogo kwa kuwa ingetuaibisha?

Jambo jingine yafaa lisemwe wazi. Wako watu wanaomwambia mwanamke anayepigwa, “Vumilia, mtumaini Mungu.” Neno la tumaini halikutolewa liwe kifuniko cha fimbo. Sheria ile ile ya 1971 yasema ya kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumrudi. Tena imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na kwa kawaida shauri la talaka halipelekwi mahakamani kabla ya kupita huko. Kwenda mbele ya wazee, au mbele ya mchungaji, au barazani, si kukosa imani. Na mwenye kuhatarishwa uhai wake aondoke kwanza, mashauri yafuate baadaye.

Pili, tuseme juu ya wasio na mwenzi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alifundisha kwamba kila mtu ana karama yake itokayo kwa Mungu, mmoja hivi na mwingine vile. Wako waliochagua useja kwa ajili ya kazi. Askofu Weston alianzisha mwaka 1911 chama cha masista wa UMCA. Na mwaka 1946 huko Masasi, kwa msaada wa masista hao, kilianzishwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, cha masista Waafrika. Wakati huo wengi katika nchi yetu hawakufahamu jinsi binti awezavyo kukaa bila kuolewa na bado akawa mwenye heshima. Masista wale walijibu kwa kazi zao.

Lakini si kila asiye na mwenzi amechagua hivyo. Mmoja amefiwa, mwingine ameachwa, mwingine alilea wadogo zake mpaka ujana ukampita, na mwingine amengoja tu, wala hajui kwa nini. Hao tusiwaambie upesi-upesi ya kwamba upweke wao ni karama. Anayetaka mwenzi na amwombe Mungu bila haya. Si jambo baya kutaka. Lakini asiyaahirishe maisha yake. Kama anaweza kusoma, asome. Kama anaweza kujenga kibanda chake, ajenge. Kama yuko mtoto wa jirani asiyejua kusoma, amfundishe.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja, mbele ya wageni, tulimwuliza dada yetu ataolewa lini. Wageni walicheka, naye alicheka pamoja nao. Kisha akaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Baadaye tulimwomba radhi. Alisema, “Kaka, mimi najua umri wangu. Usinihesabie.” Hatujamwuliza tena, wala hatumwulizi mtu mwingine.

Tena wazazi wengine, wakibanwa na umaskini, hufanya ndoa ya binti mdogo kuwa dawa ya shida ya nyumba. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mvulana aoe akiwa na miaka 18. Rebeca Gyumi alipeleka shauri Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikaamua ya kuwa vifungu vile vinapingana na Katiba. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Kumtoa mtoto ili nyumba ipate kula si kumtumaini Mungu. Ni kumtwika mtoto mzigo wa wazazi.

Tatu, tuseme juu ya shida yenyewe. Kariakoo imeonja shida. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza jengo la soko kuu, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali yao. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mahali pale pale Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mtu aliyeamka ana biashara, akalala hana. Au aliyeagana na mwenzi wake asubuhi, na jioni akawa mjane, twamwambia nini?

Kwanza tusimwambie mengi. Rafiki za Ayubu walipofika, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake ndipo walipokosa. Basi jirani yako akipatwa na msiba, beba maji, pika uji, lipa karo ya mtoto mmoja kama waweza. Maneno yatafuata.

Kisha tukumbuke Naomi na Ruthu, wajane wawili waliorudi Bethlehemu mikono mitupu. Naomi hakuficha uchungu wake, na Maandiko hayakumlaumu. Ruthu hakungoja muujiza. Aliamka akaenda kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Msaada wa Mungu ulimkuta shambani, mgongo umeinama. Vivyo hivyo mjane wa Kariakoo anayeamka alfajiri kupanga nyanya zake, na akina mama wanaocheza upatu ili kila mmoja apate zamu yake, hao wako katika njia ya Ruthu.

Kijana wetu wa chuoni alirudi baada ya miezi michache. Walikuwa wamekwisha tangazwa kanisani. Baada ya ibada walikula pilau uani kwa mama mkwe, watu wachache, wakanywa chai. Baba yake mdogo alikasirika kwa kuwa hapakuwa na ukumbi, wala hakuja. Jambo hilo bado lamwumiza kijana, nasi hatumwambii ya kuwa ni jambo dogo. Lakini alisema, “Mwalimu, kodi imelipwa, na deni hatuna. Na chumba cha pili amekaa shangazi yake mke wangu, ambaye hakuolewa. Yeye ndiye anayetufundisha kushona.”

Basi, ndugu zetu, tukumbuke nyumba ile ya Korintho. Mwenye ndoa aitunze kwa ukweli, na fedha zake azihesabu pamoja na mwenzi wake. Asiye na mwenzi asidharauliwe, wala asijidharau. Mwenye shida asione haya kusema, na mwenye nafasi mezani avute kiti kingine. Mungu awabariki nyote.