Kozi ya Kompyuta: Uliza Kabla ya Kulipa

Kila mwaka, mtihani wa KCSE umalizikapo, vijana wa kisiwani hujikuta na miezi kadhaa mitupu kabla ya kuingia chuo. Awe wa Kibokoni, wa Majengo au wa Tudor, nyumbani huulizwa swali moja: "Sasa utakaa tu?" Na jibu huwa moja pia: "Nataka kusoma kompyuta." (Mwalimu wetu hupenda tuandike tarakilishi, na kwenye insha zake naandika hivyo. Lakini nenda Digo Road ukaulizie kozi ya tarakilishi uone utakavyotazamwa!)

Binti wa mamangu mdogo, ambaye kwangu ni dada, alijibu vivyo hivyo. Mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Zamu yake ya mchezo ilipofika, pesa zote akampa bintiye akalipe karo. Chuo kilikuwa ghorofani, na bango lake lilitangaza pakeji kumi kwa wiki nane. Nani asingevutiwa?

Hebu tupige hesabu ambayo sisi hatukuipiga wakati ule. Wiki nane, siku tano kwa wiki, saa moja kwa siku, ni saa 40. Wanafunzi watatu walishirikiana mashine moja, kwa hivyo kila mmoja alishika kibodi kwa saa 13 na dakika chache. Zigawe kwa pakeji kumi: hazifiki hata saa moja na nusu kwa kila moja. Na bado sijatoa siku ambazo stima ilipotea wakaambiwa wende zao nyumbani.

Cheti alikipata, kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Akakipeleka ofisi moja ya uwakala wa forodha, zile watu huziita kliaringi. Bosi hakukisoma. Alimkalisha mbele ya mashine akamwambia, "Mwanangu, nipangie makontena haya kwa tarehe, kisha nipe jumla ya uzani." Dada yangu akaanza kujumlisha kwa kikokotoo cha simu.

Ndugu msomaji, swali la kwanza basi si "chuo gani?" bali "kazi gani?" Mji wetu huu hula kwa bandari. Tangu mwaka 2005, Mamlaka ya Ushuru ilipoleta mfumo wa Simba, na bandari nayo ikafuata na wake wa KWATOS mwaka 2008, stakabadhi za mizigo zimekuwa zikipitia kwenye kompyuta. Karani akikosea tarakimu moja, mzigo hukwama, na siku za bure zikisha, gharama za kuhifadhi kontena huanza kupanda. Anayetafuta kazi huko ahitaji majedwali kama ya Excel, na vidole vyepesi visivyokosea. Anayetaka kuchora kadi za harusi na mabango, hiyo ni kozi nyingine kabisa. Na anayetaka kuandika programu asidanganywe kwamba miezi miwili yatosha. Miezi miwili ni ya kujua tu kama kazi yenyewe ataipenda. Huyo kwanza apite Swahilipot, karibu na Fort Jesus, awasikilize vijana wanaofanya mambo hayo kabla hajatoa hata shilingi.

Tena, jihadhari na bango lenye orodha ndefu ya majina. Waliosoma miaka ya 1990 watakwambia habari za WordPerfect, dBase na Lotus 1-2-3. Hizo ndizo zilizokuwa pakeji za maana siku hizo. IBM iliacha kuiuza Lotus mwaka 2013. Aliyekariri tu ni kitufe gani cha kubonyeza alilazimika kuanza upya. Aliyeelewa kwa nini jumla hubadilika yenyewe ukibadilisha tarakimu moja, alihamia Excel bila tabu.

Kuhusu cheti, uliza ni cha nani. Kuna cha chuo chenyewe, na kuna cha mtihani unaotungwa na watu wa nje, kama ICDL, ambao hufanywa sehemu kwa sehemu. Uliza pia kama ada ya mtihani imo ndani ya karo. Kisha omba kuonyeshwa leseni ya TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi. Wakikuambia "iko njiani", nawe shika njia.

Usiende siku ya kuandikishwa, maana siku hiyo kila kitu hung'aa. Nenda saa nane mchana, darasa likiendelea. Hesabu vichwa, hesabu mashine, na zilizozimika usizihesabu. Muulize mwanafunzi, si karani wa mapokezi, kama wanaruhusiwa kubaki kujizoeza, na kama somo lililokatwa na stima hulipwa siku nyingine. Risiti chukua, hata kama anayepokea pesa ni jirani yenu.

Mwenye kompyuta kuukuu nyumbani aweza kuanza hata leo. LibreOffice ni bure, na majedwali yake hufanya kazi karibu sawa na ya Excel.

Dada yangu amerudi darasani, safari hii kwa majedwali peke yake. Ni watu sita kwa mashine sita. Mamake mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kwenda kuzihesabu.